Nakuru hadi Eldoret kupitia Kisumu: safari ya kufuata barabara mpaka zinapokatika

Hii naandika nikiwa nimesharudi nyumbani, nimekaa na noti za simu na picha ambazo karibu zote ni za kona, kuta na mitaro, dadangu aliziangalia akaniuliza kama nilienda likizo ama nilitumwa na kaunti. Kazi yangu ni kuchora ramani za mabomba ya maji hapa Nakuru, na bomba halipiti hewani, linafuata barabara, barabara ikikatika nalo linakatika. Kwa kompyuta naona kila siku vile katikati ya mji mistari imeshikana vizuri halafu ukisonga nje inaanza kuwa vipande vipande, sasa nikasema likizo ya Aprili nitembee niione kwa macho yangu, Nakuru, Kisumu na Eldoret, na chochote kitakachopatikana njiani. Begi moja, pawa benki, raba za zamani, na ramani ya OpenStreetMap, ile ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Hiyo ramani ishushe kwa simu ukiwa bado nyumbani kwa Wi-Fi, usije ukamaliza bando Londiani.

Jumatano 9 Aprili, Nakuru

Nilianza kwa miguu Kenyatta Avenue mapema kabla mji haujajaa. Katikati ya Nakuru palipimwa enzi za mkoloni baada ya reli kufika, barabara zikachorwa kwa rula kabla watu hawajajenga, na mpaka leo ile rula ndiyo inatubeba. Unatembea kidogo tu unapata kona ya kukata, na hiyo kona inakupeleka kwa kona ingine, lori likifunga njia moja likishusha sukari unazunguka upande ule mwingine na huchelewi. Nikashuka mpaka Bondeni, Kivumbini na Flamingo, zile nyumba za kanso za kitambo, yaani za baraza la mji. Gari halifiki kila mlango lakini mtu anafika, kati ya safu na safu kuna kichochoro na kichochoro kinatokea mahali. Chai na mandazi mbili Bondeni, shilingi 50, na mama wa hoteli akaniongezea nusu kikombe bila kuulizwa juu nilikuwa mteja wa kwanza.

Kwa wasioijua Nakuru: kaskazini tuko na Menengai, kusini kuna ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, huwezi kujenga kwa shimo la volkano na huwezi kujenga kwa vifaru. Kwa hivyo mji unatanuka kwa mbavu tu, mashariki kwenda Free Area na Lanet, magharibi kwenda Kiamunyi, Ngata na Njoro. Sensa ya 2019 ilipata watu karibu 571,000 mjini, tukapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na wengi wa wanaoongezeka wanaenda hizo pande mbili.

Nikachukua matatu ya barabara ya Kabarak hadi Kiamunyi, shilingi 70. Hapa ndipo kazi ilipoanza. Mashamba mengi ya huku yalikuwa ya walowezi, baada ya uhuru yakanunuliwa na kampuni na vyama vya wanunuzi wa ardhi, kila mwanachama akapata ekari zake, mara nyingi kipande kirefu chembamba kinachoanzia barabarani. Sasa watoto na wajukuu wanakata ploti. Kila familia inaleta saveya wake, kila saveya anachora kabarabara kamoja ka mita sita kutoka barabara kubwa mpaka mwisho wa shamba, na hapo mwisho kuna ua wa jirani. Jirani naye amefanya vivyo hivyo. Ukiangalia kutoka juu ni mfupa wa samaki, uti mmoja na miiba pande zote mbili, na hakuna mwiba unagusa mwenzake.

Niliingia moja ya hiyo miiba kwa miguu. Lami hakuna, ni ule udongo wetu wa majivu ya volkano, kukiwa kukavu unakula vumbi na mvua ikinyesha inachimba mtaro katikati ya njia. Nikafika mwisho, geti nyeusi kulia, geti ya kijani kushoto, mbele ukuta wa mawe. Na kwa huo ukuta kuna ngazi. Ngazi ya mbao ya kawaida, ya fundi wa mjengo, imefungwa kwa waya juu isiteleze, na zile hatua zake za chini zimelika katikati zikawa laini kabisa kwa kukanyagwa. Mama wa geti ya kijani alinikuta naipiga picha, akaniangalia kwanza vile mtu anaangalia wezi, nilipomwambia kazi yangu akacheka akaniambia, "Hiyo ndiyo barabara yetu ya kwenda shule." Watoto wake wanapanda hapo asubuhi, upande ule mwingine jirani naye ameweka ngazi yake, wanashuka, dakika tano wako darasani. Wikendi chumvi na sufuria zinapita hapo hapo. Nikamuuliza na kwa njia ya kawaida je? "Kwa njia ya kawaida ni boda, auntie."

Nikaamua kuipima. Kutoka geti yake nikarudi barabara kubwa, nikaenda mbele, nikaingia mwiba wa pili, mpaka geti ya yule jirani: simu ikasema kilomita 1.3. Kwa ngazi ni kama mita ishirini na hapo nimehesabu kupanda.

Mbona basi hawaachi njia? Saveya mmoja tunayefanyaga naye kazi aliwahi kunipigia hesabu kwa karatasi ya mkate. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, tuseme mraba wa futi 209 kwa 209. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Barabara ya mita sita, yaani futi 20, ikipita ekari nzima inakula futi 4,180, karibu ploti moja. Hiyo moja muuzaji anakubali kwa shingo upande kwa sababu bila hiyo ploti za nyuma haziuziki. Ukimwambia aache ingine ya kuvuka kwenda kwa jirani, anakuuliza jirani analipa ngapi. Na jirani hajalipa kitu, na jirani pia hataki njia, anaogopa boda zitaanza kupita kwake usiku. Kila mmoja ana akili timamu kabisa kwa shamba lake.

Upande wangu wa mabomba ni shida tupu. Bomba likiwa limezunguka na kurudi kwa lenzake, likipasuka mahali unafunga kipande kidogo na wengine wanapata maji kutoka upande wa pili. Kwa mwiba hakuna upande wa pili, likipasuka mwanzo wote wa ndani wanakauka. Na hata lisipopasuka, yale maji ya mwisho kabisa yanalala ndani ya bomba, klorini inapungua, uchafu unatulia hapo, ndio unasikia watu wa nyumba ya mwisho wanalalamika maji yana rangi na wa mwanzo wanawaambia wanadeka. Dawa ni kwenda kufungua mwisho na kumwaga maji kila baada ya muda. Kumwaga maji, kwa mji unaolia hauna maji.

Kwa anayetaka kutembea huku: msimu wa mvua vaa viatu vya kuoshwa, na ukiona njia nzuri inaingia ndani usiifuate ukidhani itakutokezea, uliza boda wa steji kwanza, hao wanajua ni gani inatoboa.

Alhamisi 10 Aprili, Nakuru hadi Kisumu

Nauli 800. Gari lilisema linajaa saa mbili, likajaa saa tatu na nusu, baada ya abiria wawili kugunduliwa ni makanga wamekaa tu kutuvutia. Mpaka Mau Summit ni sawa, tukakata kushoto, halafu kabla ya Londiani lori lilikuwa limezimika mlimani na foleni ikafika macho yanapoishia. Tulikaa hapo mpaka watu wakaanza kuambiana ukoo. Mzee aliyekaa karibu yangu alinunua mahindi ya kuchoma akakata katikati akanipa nusu bila kusema neno, alafu akarudi kulala.

Ndio nikapata muda wa kurudia kitu nilikuwa nimekisoma. Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichukua data ya OpenStreetMap ya dunia nzima wakapima vile barabara za miji zimeshikana ama zimeachana: kila makutano yana njia ngapi, ni ngapi zinafia ukutani, mtu anazunguka kiasi gani kufika mahali anapaona kwa macho. Ripoti ikatoka 2020. Kabla yake, 2015, walikuwa wamefanya Marekani peke yake wakapata kwamba barabara mpya za huko ziliendelea kuachana kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, zikafika kilele karibu 1994, halafu zikaanza kushikana tena. Marekani ilikuwa kwa makusudi. Mwaka 1929 kule Radburn, New Jersey, walijenga mtaa ambao barabara za nyumba zina mdomo mmoja tu ili magari yasikate kati ya makazi, lakini wakaweka njia za miguu zinazopita nyuma. Miaka ya 1930 shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba likaanza kuhimiza barabara za mdomo mmoja, na za miguu zikasahaulika sehemu nyingi. Kwa dunia nzima, hiyo ripoti ya 2020 inasema barabara mpya zinazidi kuachana, ingawa kuna wanaoshikilia mtindo wa kushikana, kama Ajentina na Japani.

Sisi hatukusoma Radburn mahali popote. Sisi tumefika pale pale kwa kugawana urithi.

Kitu kimoja cha hao watafiti kilinikaa: nyumba unaweza kubomoa, lami unaweza kurudia, lakini mstari wa barabara ukishachorwa na watu wakajenga pembeni umekaa. San Francisco iliungua 1906 baada ya tetemeko, mji ulikuwa jivu, na kulikuwa na mpango mpya mzuri tayari mezani, lakini walijenga tena kwa mistari ile ile ya zamani kwa sababu kila mtu alikuwa na ploti yake na hakuna aliyetaka isogezwe.

Lori likatolewa. Kericho mvua na majani chai, Awasi joto likaanza, Ahero mpunga na harufu ya matope, Nyamasaria saa kumi na moja jioni. Rumu ya 1,500 karibu na mtaa wa Tom Mboya, feni inafanya kazi, neti ina tundu moja. Kwa wanaofuata: ukitaka kufika Kisumu mchana, toka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi na usiamini gari lenye abiria wanaojuana na dereva.

Ijumaa 11 Aprili, Kisumu

Kisumu tembea kabla ya saa nne ama baada ya saa kumi, hapo katikati jua si la mtu wa Nakuru. Saa moja nilikuwa Oginga Odinga Street. Reli ilifika hapa ziwani Desemba 1901, wakati huo panaitwa Port Florence, na mji ukapangwa kati ya bandari na kilima, barabara pana zenye miti, makutano kila mahali. Unatembea kwa kivuli. Nilipita kutoka stesheni mpaka Jomo Kenyatta Highway nikibadilisha njia makusudi kila kona na sikukwama hata mara moja.

Halafu nikavuka Ring Road. Mkiwa Kisumu fanyeni hii kitu hata kama hamjali mambo ya barabara: simama Ring Road, upande mmoja Milimani, ua wa maua, ploti kubwa, kimya. Upande wa pili Nyalenda. Mkoloni alipima mji akaacha nje ardhi za watu za ukoo, mji ukakua ukazizunguka, mpaka wa manispaa ukapanuliwa miaka ya 1970 na boma za watu zikajikuta ndani ya mji na hati zao mkononi. Kwa hivyo Nyalenda na Manyatta hakukuwa na rula. Njia ni zile zile zilizokuwa zinatoka dala hii, yaani boma hii, kwenda dala ile, kwenda kisimani, kwenda kanisani, nyumba za kukodisha zikamea pembeni.

Nilidhani nitapotea na sikupotea. Zinapinda, nyingine ni nyembamba mpaka ukikutana na mkokoteni wa maji mmoja lazima arudi nyuma, lakini zinatokea. Kila nikiuliza "hii inaenda?" jibu ni "inaenda." Nikaingia Nyalenda saa tatu nikatoka upande wa pili nikiwa nimepita kwa fundi baiskeli, kwa posho mili, uani kwa mtu anayefua, kwa kinyozi. Kwa mguu hapa pameshikana kuliko Kiamunyi, na ukijaribu kupitia Milimani kwa mguu utatembea na ukuta mrefu sana kabla upate pa kukata. Shida ya Nyalenda ni nyingine: lori la taka haliingii, zimamoto haiingii, mgonjwa anabebwa mpaka lami. Njia ziko nyingi, upana ndio hakuna.

Na kuna maji. Nilifika mto Auji, ambao kwa kweli siku hiyo ulikuwa mtaro wa matope na chupa, na daraja lilikuwa magogo mawili na kipande cha mlango wa mabati. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwa jerikeni upande wa pili, akaniona nasita, akainuka akanyoosha fimbo nishike. "Njoo, nyar Nakuru, hii imeshinda imevusha watu." Yaani binti wa Nakuru. Sikuwa nimemwambia natoka Nakuru, boda aliyenishusha ndiye alikuwa ametangaza. Akanionyesha barabara yenye lami na taa iliyokuja na ule mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kuboresha mitaa duni, akasema kabla ya hapo ilikuwa ugomvi, kila mwenye ploti anaambiwa arudishe ukuta kidogo na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. Nani alikubali? "Mjane mmoja. Alirudisha ua wake usiku, asubuhi wanaume wakaona haya."

Nikamuuliza kama ana watoto wanaojenga hapo. Wawili, akasema, na kila mmoja anataka mlango wake utazame lami.

Chakula cha mchana Dunga, ngege mzima wa kukaanga na ugali, 600, na mboga ya osuga. Tuktuk kutoka mjini nililipa 200 peke yangu, mkijaza ni nafuu. Ukiambiwa bei ya samaki kabla hujaonyeshwa samaki, omba uonyeshwe samaki.

Jumamosi 12 Aprili, Kisumu hadi Mbale

Asubuhi nilifua nguo na kulala. Baadaye nikapanda hadi Kondele kuona flaiova. Juu magari yanapita bila kusimama, chini watu wamepanga nyanya na mitumba, na mwenye kutaka kuvuka anavuka tu pale anapovukia siku zote, si pale mhandisi alipomchorea. Upande wa Kibos nikajaribu kukata kupitia esteti moja mpya, ramani ilionyesha barabara inapitiliza. Askari wa geti aliniambia kwa heshima kabisa kwamba ramani ni yangu lakini geti ni ya wenye nyumba. Tukaongea, akanipa maji ya baridi, akaniandikia hata jina la njia ya kuzunguka, na bado hakunifungulia. Nimeshairekebisha hiyo kwa OpenStreetMap, nimeweka alama ya geti, mwingine asisumbuke.

Kisumu hadi Mbale, 200. Hii sehemu sikuwa nimeipanga, rafiki yangu wa chuo anafundisha huko akaniambia nilale kwao, na ikawa ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Mnatoka Mamboleo, mnapanda Kiboswa, na kuanzia hapo unangoja mji uishe ndio shamba lianze. Hauishi. Majengo, Mbale, Chavakali, duka, kanisa, geti la mtu, ndizi, duka, shule, geti la mtu. Hii kaunti yao ya Vihiga kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba na bado inahesabika kuwa mashambani. Kila mtu anataka kuwa kando ya lami, kwa hivyo lami ndiyo mji, nyuma yake ni mahindi na njia za miguu zinazoteremka mpaka mtoni na kupanda ng'ambo.

Jioni baba ya rafiki yangu, mwalimu mstaafu, alinitembeza. Shamba lake aligawiwa na babake, limekuwa mstari, na akigawa kwa wanawe watatu kila mstari utakuwa wa upana wa nyumba na choo. Nikamuuliza njia itapita wapi. Akanionyesha na kiatu chake, hapa, kando ya mpaka, "nitachukua futi tano kwangu na ndugu yangu atachukua tano kwake, tumeshaongea, tumeita na mzee wa mtaa akashuhudia." Futi kumi tu, lakini ni za kushirikiana na zinatoboa mpaka barabara ya chini. Hiyo Kiamunyi hawajaweza na wana pesa mara kumi.

Tulikula kuku na ugali wa wimbi, nikalazimishwa paja, na mtu akikataa paja huku kwa Wamaragoli ameanzisha kesi.

Jumapili 13 Aprili, Chavakali, Kapsabet, Eldoret

Jumapili magari ni machache mpaka watu watoke kanisani, jua hilo. Chavakali hadi Kapsabet 250 kupitia Shamakhokho na Kaimosi, msitu mzuri, barabara nzuri, nililala. Kapsabet hadi Eldoret 200. Nilishukia Langas kabla ya mjini, nikaacha begi kwa duka la M-Pesa la binti mmoja aliyekataa hata soda ya asante.

Langas pia ilikuwa shamba, watu wakajiunga wakanunua, wakagawana, na wapangaji wakajaa kabla mpango haujaja. Njia ina kiwiko kila mahali, unafika mwisho unadhani imekufa kumbe kuna upenyo wa bega moja kati ya nyumba ya mabati na ya mawe. Asiye mwenyeji hawezi kuuona. Watoto walinipitisha mpaka upande wa pili wakibishana ni njia gani fupi, na wote walikuwa sawa. Kutoka hapo boda ya shilingi mia mpaka Elgon View, na huko kukawa kinyume: barabara pana, miti, ploti za mtu kufuga ng'ombe, na kutembea kutoka geti hadi geti ni safari, kukata kwenda barabara inayofuata hakuna mpaka umalize ukuta wote. Wafanyakazi wa nyumbani walikuwa wanatembea kwa mstari kando ya lami kurudi Langas, mwendo mrefu ambao ukiangalia ramani kwa macho ni mfupi.

Eldoret yenyewe ilianzia kwenye shamba nambari 64, sasa ni jiji tangu 15 Agosti 2024, na inaendelea kumeza mashamba mengine, moja moja, kila moja na saveya wake. Lala mjini si pembeni, usiku kuna baridi ya kweli, beba sweta. Rumu 1,200, maji moto yapo ukiomba mapema.

Jumatatu 14 Aprili, Eldoret hadi nyumbani

Asubuhi nilizunguka katikati, Uganda Road na Oloo Street, nikavuka Sosiani. Madaraja ndiyo yanaamua kila kitu hapa, unaona duka lako ng'ambo na unazunguka kutafuta daraja. Kuna kipimo cha UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wale wa Gigiri kule Nairobi, kwamba mtaa mzuri barabara zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi na kila kilomita ya mraba iwe na angalau kilomita 18 za barabara. Katikati ya Eldoret sitashangaa ikikaribia. Ile ekari ya saveya wangu, barabara ya futi 4,180 kwa 43,560, haifiki hata asilimia kumi.

Nauli ya kurudi 600. Karibu yangu aliketi kijana mwenye bahasha ya kahawia, tukafika Burnt Forest akaifungua, ni makaratasi ya ploti amenunua Ngata, ameshalipa nusu. Nilipomwambia kazi yangu akanipa nisome. Mchoro ulikuwa safi, ploti kumi na mbili, barabara ya mita sita katikati, na mwisho wa barabara mshale mdogo unaoelekea shamba la jirani, kana kwamba inaendelea. Nikafungua ramani ya simu na picha ya setelaiti. Kwa jirani kuna nyumba hapo hapo mshale unapoelekeza, na paa lake jekundu.

Alinyamaza mpaka Timboroa. Halafu akampigia muuzaji, spika imewekwa, gari zima tunasikiliza. Muuzaji akasema hiyo barabara itafunguka tu, ni mambo ya muda. Kijana akamuuliza itafunguka kupitia sebuleni ama jikoni. Abiria wa nyuma wakaangua kicheko, mama mmoja akamwambia kwa sauti, "Mwanangu, dai upunguziwe!" na mwingine akasema hapana, adai pesa irudi yote, wakaanza kubishana wao. Tulipita Salgaa bado wanabishana, kijana akiwa tayari ametoka milioni na nusu amefika milioni moja na laki moja, na muuzaji anasema anaongea na mzee wake. Ngata akashuka na bahasha kwapani, simu sikioni, akamwambia makanga amngojee kidogo kama bei itakataa apande tena. Makanga hakungoja.